Kamba Inaenda na Nini

Jumatatu, 22 oktoba 2007, Kitshanga
Mimi njo muntu pekee hapa anayejua mteja atanunua nini kabla mwenyewe hajajua! Sawa, uongo. Juzi nilitabiri Karangwa, muuza maziwa, atanunua sabuni. Akanunua kitunguu na kunicheka. Lakini leo niko na akili mpya. Nimepanga makopo nyuma ya kaunta ya Mama Kavugho, mwenye duka anayenilaza bure. Vitu viwili vikinunuliwa pamoja, natupa punje ya haragi katika kopo lao. Kopo likijaa, tunaviweka karibu-karibu, na duka la Léopold huko ng'ambo ya barabara linakufa. Lazima! Mama amesema nisipofaa kitu kufikia jumapili, kona ninayolala itakuwa ya magunia. Ati Papa (ananiita hivyo kwa mvi zangu), magunia hayakoromi.

Jumanne, 23
Ushindi! Wanunuzi wa sabuni, karibu wote, wanachukua na chumvi! Mama akauliza: na wale wa misumari? Nikaangalia. Chumvi. Wa mafuta? Chumvi. Karangwa akasema hata ng'ombe zake zinakula chumvi, niziwekee nazo kopo. Wajinga.

Jumatano, 24
Kila aliyenunua taa alichukua kiberiti. Basi nikageuza: kila aliyeomba kiberiti, nikamsukumia taa. Taa, hakuna aliyechukua. Matusi, nimepata ya kutosha. Wote wamevuka kwa Léopold. Na kuku amekula hesabu yangu ya chai na sukari.

Alhamisi, 25
Ajabu! Kamba, bâche za turubai, bidon za plastiki. Tangu jumatatu makopo yao matupu, leo yanamwagika. Nikamtangazia Mama: kuna harusi kubwa! Bâche ya kivuli, bidon za pombe ya kasiksi, kamba za ng'ombe wa mahari. Karangwa alinunua vyote vitatu. Hakunitania hata kidogo. Hilo lilinikera. Nimeuza mpaka kamba ya mwisho! Mama alisimama mbele ya makopo. Halafu akaanza kufunga magunia. Nikamuuliza ni harusi gani inayobeba duka zima.

Ijumaa, 26
Mabomu vilimani tangu asubuhi. Mama ameenda na watoto wake katika camion, lori la kaka yake. Alipiga kelele: Papa, panda! Panda! Nilikuwa natafuta kamba ya kufunga godoro. Duka zima, hakuna kamba! Camion ikaondoka. Sasa kona ni yangu. Duka lote ni langu. Hakuna anayenunua hata chumvi.

Jumapili, 28, kambini, njia ya Mweso
Nimefika na nusu ya godoro. Nusu nyingine imebaki katika matope. Karangwa iko hapa, bila ng'ombe hata moja. Amenipa nafasi chini ya bâche yake. Nilimuomba anicheke kidogo. Akashindwa.
Lakini nimechunguza! Wote waliopewa unga leo walikuwa na sufuria. Basi nikaazima sufuria, nikakaa nayo mpaka jioni. Unga haukuja. Sababu iko wazi: sufuria ilikuwa ndogo. Kesho naazima kubwa.
Mama Kavugho, popote ulipo: makopo yangu njo yalikuondosha mapema. Kwa hiyo una deni langu. Kona, sitaki tena. Nitumie kipande cha kamba tu, cha kuzunguka nusu ya godoro.