Udi wa Kupimia Upepo

Leo nimefedheheka. Jomvu Kuu nzima imekula biriani ya aibu yangu, na sufuria bado ziko uani.

Mnajua kazi yangu ni kuchora ramani. Ofisi yetu pale Changamwe ndiyo iliyopewa kuchora upanuzi wa jengo la abiria katika uwanja wa ndege, na tukaambiwa liwe jengo lisilokula stima ovyo. Basi nikachora kama tunavyojenga kwetu: paa la kutoa kivuli kipana, maji ya mvua yaingie kwenye birika, miti ya zamani isikatwe, na upepo uingie mlangoni utokee juu, kwenye roshani ile ya kupungia wasafiri. Kamati ikapenda yote isipokuwa roshani. Walitaka izibwe kwa vioo, itiwe mashine za baridi.

Roshani hiyo mimi siitoi. Mikutanoni nilikuwa nasema ni ya hewa. (Kweli ni ya hewa. Lakini.) Hapo ndipo niliposimama siku mume wangu Athmani alipoondoka kwenda Maskati kutafuta riziki, hata hina ya harusi haijanitoka mikononi. Alipofika juu ya ngazi ya ndege aligeuka, akatafuta katika ule umati, akaniona, akapunga mkono. Nimeishi na mkono ule hadi leo. Siku akirudi nataka nisimame palepale, anione kabla hajakanyaga chini. Nyuma ya kioo ataona nini? Ataona jua tu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukata shauri. Nikaona maneno hayatoshi, bora niwaonyeshe. Tulikuwa na mfano wa jengo wa kadibodi, mkubwa kama meza ya kulia. Nilichohitaji ni moshi, niutie mlangoni, waone unavyotembea na unapotokea. Sigara sikuthubutu (mwanamke wa buibui na sigara mbele ya kamati, mama mkwe angenirudisha kwetu). Nikakumbuka vipande vya udi vilivyobaki kwenye sanduku langu la harusi. Nikaja na chetezo kidogo na makaa, nikafungua madirisha, nikawasha.

Wallahi moshi ule ulikuwa na adabu. Uliingia mlangoni, ukapita ukumbini, ukapanda, ukatokea kwenye roshani taratibu. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa bara asiyecheka, akainama kuutazama. Nikajua nimeshinda.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Mwanaisha, mama anayetupikia chai ofisini, na ndiye jirani yangu kule Jomvu Kuu. Akanusa. Akaweka sinia chini. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi Kipevu.

Wasiokuwa wa pwani niwaeleze, kama nilivyolazimika kuieleza kamati huku nimeinamisha uso: kwetu mke ambaye mumewe yuko safarini hajifukizi udi. Udi ni wa mume. Tangu Athmani aondoke sijawasha hata kipande, na Bi Mwanaisha anajua, maana nyumba zetu zinatumia ukuta mmoja. Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye hewa. Nilisahau kabisa kwamba moshi una harufu!

"Athmani kaja," akasema, akanikumbatia mbele ya wahandisi. Nikamwambia hajaja. Akanikonyeza, ati naficha kwa kuogopa kijicho. Kisha akaigeukia kamati akaisimulia kila kitu: harusi, Maskati, ngazi ya ndege, mkono. Hata ninavyolia usiku aliwaambia. (Ukuta mmoja, nimeshasema.)

Mwenyekiti akaniangalia. "Kwa hivyo hii roshani ni ya hewa, ama ni ya bwana yako?"

"Ni ya hewa, mzee," nikasema. "Na yake pia."

Akatazama tena ule mfano. Moshi ulikuwa ungali unatoka. "Moshi hauna bwana," akasema, "na umetoka vizuri. Roshani ibaki."

Ningeweza kuishia hapo mkanipa hongera. Lakini Bi Mwanaisha hutoka kazini mapema kuliko mimi.

Nilipokata kona ya nyumbani niliona viatu vimejaa mlangoni. Harufu ya biriani ilinipokea njiani. Ndani, kitanda changu kimetandikwa shuka jipya na kumwagiwa asmini. Majirani wamekaa mikekani, wamevaa leso zao za sherehe. Mama mkwe alinijia mbio, yeye ambaye magoti humsumbua hata kwenda uani. Akanishika mabega, akaninusa buibui, akafumba macho. Udi ulikuwa umeniganda hadi kwenye nywele.

"Yu wapi mwanangu?" Akachungulia nyuma yangu.

Mashoga zangu, mbele ya kamati nilidhani nimefika mwisho wa aibu. Kumbe bado. Nikamwambia mbele ya wote kwamba hajaja, kwamba ule udi ulikuwa wa kupimia upepo. Hata kulisema ni gumu, jaribuni. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akakanywa.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliendelea kuutazama mlango kidogo, kisha akasema wageni wapakuliwe, chakula kisipoe. Nilipovua buibui alilipokea mwenyewe, akalitundika kando ya kitanda chake.

"Usilifue kwanza," akaniambia. "Mimi pia nina roho."

Basi nimekula, na asmini nimezikusanya nikazitia kwenye sahani. Siku nyingine nikitaka kupima upepo nitawasha dawa ya mbu. Roshani ya kupungia nimeipata. Wa kupungiwa ndiye bado. Anayetaka kucheka acheke kimya kimya, ukuta wetu ni mmoja.