Pointi Sita za Kaboni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Viwango vya Chuma,

YAH: OMBI LA KUSOGEZA KIKOMO CHA KABONI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako. Sisi hatujambo, isipokuwa baba.

Baba ni fundi wa tanuri katika kiwanda cha kumimina chuma. Ijumaa hii alitarajiwa kupewa cheo cha usimamizi, baada ya miaka ishirini na sita. Lakini Jumatatu vali tisa alizomimina, zile koki za mabomba, zilipigwa alama nyekundu na kutupwa uani, kwa sababu kitabu chenu kinasema kaboni isizidi asilimia 0.30, nazo zina 0.36. Tangu siku hiyo baba anakula kimyakimya. Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo:

1. Pointi sita, yaani hizo 0.06 zilizozidi, ni kitu kidogo mno. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye hana huruma na mtu, ametufundisha kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Kwa njia hiyo kaboni ya baba ni sifuri.

2. Kitabu chenu chenyewe kinakubali mapatano. Kinasema kaboni ikipungua pointi moja chini ya kikomo, madini ya manganizi yaweza kuongezwa pointi nne. Kumbe kuna kuelewana. Basi kwa nini miaka ya kazi isihesabiwe? Kila mwaka ambao mtu hajachelewa kazini, aongezewe pointi moja ya kaboni. Baba anastahili ishirini na sita. Tunaomba sita tu. Zilizobaki wapeni wengine.

3. Mnasema kaboni ikizidi, chuma hakichomeleki vizuri. Mjomba, ambaye ni fundi wa kuchomelea, yuko upande wenu. Anasema chuma cha namna hiyo ni kama shemeji aliyenuna: leo mmepatana, kesho unakuta ufa. Lakini mjomba huyohuyo huwaambia wateja, “Nikipashe moto kwanza, dada yangu, kisha nikiunge polepole. Kitatulia.” Basi kosa si la kaboni, ni la haraka. Wapimwe mafundi wenye haraka.

4. Kama kikomo hakisogei, basi kiwe cha watu wote. Hapa nyumbani bibi atazidi kwa ukali, kaka kwa usingizi, na mimi, nakiri, kwa maneno. Tutatupwa sote uani pamoja na zile vali.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa, hata la mstari mmoja. Msalimie karani anayefungua barua, na wajumbe wote ambao hawajazidi kikomo.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi wa tanuri

N.B. Nimempa baba asome kabla sijaifunga bahasha. Amecheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha ameniambia kwamba mpimaji alikuwa ameshazipitisha vali zile. Aliyezipima tena na kuzipiga alama nyekundu ni yeye baba mwenyewe. Zilikuwa zichomelewe kwenye mabomba ya mvuke ya hospitali, katika chumba ambamo mama hufua mashuka. Stempu nimeshaibandika, kwa hiyo barua naituma, ila kikomo kiacheni palepale. Na kama mnaweza kukishusha kidogo, kishusheni. Bomba linapita nyuma ya mgongo wa mama.