A ya Shemeji Noreen

Leo kimenuka pale mgahawani kwa Trudy. Wazee walikuwa bado wanapuliza kahawa, Mahakama akatupa simu yake katikati ya meza, juu kabisa ya pankeki za watu.

"Someni wenyewe. Mimi nimeshasoma mara tatu."

Dizeli akaichukua, akaifuta shira kwenye suruali. Dizeli jina lake Delmar, anatengeneza malori, hata sabuni imeshamshindwa. Mahakama ni Royce. Huyo ukimkanyaga mguu kwa bahati mbaya anakusomea katiba.

"Umoja wa Wenye Bunduki umetoa alama za wagombea, A kwa anayelinda bunduki mpaka F kwa anayezipinga," Dizeli akasoma. "Bunge la jimbo, kiti chetu hapa Kettle Fork. Preston Whitlock, chama chetu: A."

"Safi sana!"

"Mgombea wa chama kile: Noreen Hostetler..." Dizeli akaisogeza simu karibu na macho.

"F?" Mahakama akauliza kwa matumaini, utadhani hajaisoma mwenyewe.

"A."

Meza nzima ikamgeukia Verne. Huyu tunamwita Bubu, maana anamaliza vikombe vitatu bila kutoa neno. Na Noreen ni mke wake.

Bubu akatia sukari kwenye kahawa. Huwa hatumii sukari.

"Hii ni hujuma!" Mahakama akapiga meza. "Miaka yote nimesema nini hapa? Mimi sichagui chama, nachagua bunduki. Anayelinda bunduki yangu nampa kura yangu."

"Umesema mpaka birika limekariri," Trudy akamjibu huku anamimina.

"Sasa wote wakiwa na A, mimi nachaguaje?"

"Si uchague mtu."

"Mtu?" Mahakama akamtazama Trudy kama kaambiwa achague kwa harufu.

"Tulieni," Dizeli akasema. "A ya chama kile siyo A kama yetu. Ile ni ya kuazima. Uchaguzi ukiisha wanairudisha."

"Dizeli, wewe si mzima," Trudy akadakia. "Shemeji yako Noreen ndiye kawafundisha nyie wote usalama wa bunduki. Na Royce alirudia darasa."

"Nilirudia kwa kupenda!"

"Ulirudia kwa sababu uliruka uzio na bunduki imejaa risasi. Shemeji akakwambia kulungu wako wataishi muda mrefu, maana unajiwinda mwenyewe."

Dizeli kicheko kikampanda, kahawa ikamtokea puani.

"Sawa, bunduki anaijua," Mahakama akasema. "Nani kakataa? Ila akifika bungeni atakaa na nani? Na wale. Atakula na wale. Mwezi wa pili utasikia na yeye anasema 'tulijadili suala hili kwa mapana.'"

"Na Preston wako?" Trudy akauliza. "Kaja juzi kutoka mjini. Kile kizibao chake cha kuwindia cha rangi ya chungwa bado kinaning'inia karatasi ya bei ya dukani. Kwenye bango pale njia panda kapiga picha kidole kiko kwenye kifyatulio, mchana kweupe!"

"Pengine kulungu alikuwa nyuma ya mpiga picha."

"Royce! Mpiga picha si yuko katikati?"

"Kidole ni chake, Trudy. Chama ni chetu."

Trudy akamgeukia Bubu, sauti ikashuka. Leo saa sita kuna chakula kwenye ukumbi wa zimamoto, wagombea wanaongea, na huku kwetu mgombea anatambulishwa na mtu wa nyumbani kwake. Akikosa mtu wa kumtambulisha, watu wanakula tu wala hawanyanyui macho.

"Bubu, utasimama?"

Bubu akakoroga kahawa. "Kaniuliza jana. Nikamwambia nitafikiria."

"Ukamwambia mkeo nitafikiria?" Trudy akaweka birika chini. "Ukalala wapi?"

"Kochi."

"Na bado unafikiria?"

"Kochi ni fupi."

Mahakama akasogeza kiti. "Sikia, kaka. Ile kambi yetu ya kuwindia kule msituni wamejenga babu zetu kwa mikono. Watu sita, vitanda sita, chama kimoja. Usiku wa kuamkia msimu wa kulungu hajawahi kulala pale mtu wa wale, wala mtu aliyesimama kuwasifia. Mimi sikufukuzi. Nakwambia tu, kitanda chako kina watu wanakitaka."

"Mahakama, hapo umezidi," Dizeli akasema.

"Siyo mimi! Ni utaratibu."

Bubu akainamia kikombe. Wote pale tunajua kwa nini. Kwenye kambi ile ndipo alipoongea na marehemu baba yake mara ya mwisho, na kila Novemba analala kitanda cha yule mzee.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Preston Whitlock, kizibao mwilini, bunduki begani, binti wa kamera nyuma yake.

"Ndugu zangu wa bunduki!" akapiga kelele. "Naomba picha moja tu na watu halisi!"

Akaishusha bunduki awaonyeshe. Mdomo wa bunduki ukampitia Dizeli, ukampitia Trudy na birika lake, ukatua kifuani kwa Mahakama. Na kidole kiko palepale kama kwenye bango.

Viti vikaanguka. Sijui Mahakama na goti lake bovu alifikaje chini ya meza wa kwanza. Dizeli akafuata na sahani yake. Trudy akapotea nyuma ya kaunta.

"Msiogope, haina risasi!" Preston akasema. Kisha akawaza kidogo. "Nadhani."

Bubu peke yake ndiye aliyesimama. Akaja kwa ubavu, akausukuma ule mdomo ukatazama dari, akamtoa Preston kidole kimoja kimoja kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akavuta komeo la bunduki. Risasi ikaruka, ikadondoka kwenye sahani ya mayai.

Tukaisikia ilivyogonga.

Bubu akaiokota, akaitia mfukoni, akamrudishia bunduki yake.

"Kaifungie garini."

"Lakini mimi nina A!"

"Garini."

Preston akatoka, binti wa kamera akitangulia, tena mbali sana.

Mahakama akachomoza na pankeki imemganda kwenye kiwiko. Akajipangusa taratibu, akakaa kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani.

"Kijana ana moyo," akasema.

"Kakulenga kifua!" Trudy akafoka.

"Kifua cha mwanachama mwenzake. Alijua tutaongea tuyamalize."

"Royce, ungekufa hapa!"

"Ningekufa, lakini kiti kingebaki kwetu."

Bubu alikuwa anavaa kofia.

"Wapi tena, Bubu?" Dizeli akauliza kutoka chini ya meza.

"Ukumbi wa zimamoto."

Mahakama akakohoa. "Kaka, tumeongea kuhusu kambi."

Bubu akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Akawa anafikiria, na safari hii haikuchukua usiku mzima.

"Kitanda changu mpeni Preston," akasema. "Kinatazamana na chako, Royce. Ataweka na bunduki yake pembeni."

Akatoka. Kupitia dirishani tukamwona anavuka barabara kwa hatua za haraka, anajisemea kitu peke yake, kama mtu anayefanya mazoezi ya hotuba.

Dizeli akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye meza. Mahakama hakucheka. Akatazama mlango, akatazama kile kiti cha Bubu. Halafu akaanza kutafuta kofia yake.

"Na wewe wapi, mheshimiwa?" Trudy akamuuliza.

"Namsikiliza shemeji tu. Kusikiliza siyo kupiga kura." Tayari yuko mlangoni. "Na wewe Dizeli, ufunguo wa kambi asipewe mtu mpaka nirudi!"