Kambare kwa Jino

Asali alikuwa akiishi kwa mdomo wake, na mdomo huo ulikuwa umepoteza jino la mbele. Kila aliposema "mimi ni mtu mwaminifu," maneno yalitoka na mluzi. Watu walicheka, na mtu anayecheka hatoi pesa.

Alipoingia kwa daktari wa meno, hakuangalia bei zilizobandikwa ukutani. Aliangalia tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiria. Lilikuwa dogo kuliko beseni la kufulia, na kioo kilikuwa kijani kwa utando.

"Dada daktari, hapa anatakiwa kambare mlamba kioo. Wa ndevu. Hazidi kiganja chako mpaka anakufa. Nikuletee, wewe unitie jino?"

"Lete."

Kesho yake alifika na mfuko wa maji. Ndani yake alikuwamo kambare wa urefu wa kidole, madoa kama chui. Ukweli ni kwamba alikuwa wa aina nyingine, ile inayofika urefu wa mkono. Lakini hata tembo huzaliwa mdogo kuliko mama yake.

Daktari alivuta taa.

"Ndevu ziko wapi, kaka?"

"Bado kijana. Hata mimi zilichelewa."

"Na pezi hili la mgongoni, refu hivi? Nahesabu miiba kumi na miwili."

"Hiyo ni afya, dada."

"Hatanikulia humu?"

"Akue aende wapi? Samaki huona kuta, akajipima."

Daktari alimtazama kidogo. "Haya, panda kitini."

Jino lilikaa vizuri. Asali alikichekea kioo kama mgombea ubunge.

Siku ya tatu alikuwa akimwapia mwenye hoteli moja kwamba kiwanja anachomuuzia hakina mgogoro. Alipofika kwenye jina la Mungu, jino likadondoka ndani ya kahawa ya mwenye hoteli. Yule bwana alilitazama likizama, akafunga mkoba wake, akaondoka.

Asali alirudi kwa daktari, kiganja mdomoni.

"Umenitapeli, dada!"

"Nimekutia la muda, kwa gundi ya muda. Kambare wa ndevu hana miiba kumi na miwili mgongoni. Unadhani sijui kuhesabu? Kazi yangu ni kuhesabu meno."

"Kama ulijua, mbona ulimpokea?"

"Shemeji yangu ana tangi kubwa kama kitanda cha watu wawili. Alikuwa anamtafuta wa aina hiyohiyo. Anakushukuru sana. Langu bado chafu, kaka. Niletee wa ndevu, wa kweli, nikutie jino la kudumu."

Asali akaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Kambare wa ndevu alikuwepo, mmoja tu, ndevu zimemjaa puani, na bei iliyotajwa ilikuwa ya kumuua mtu. Asali alikuwa na hoja saba za kuishusha, zote nzuri. Zote zilihitaji mdomo wazi.

Akalipa.