Nilikwenda Mwika Kuposa, Nikaishia Foshan

Leo nimejiaibisha mbele ya wakwe. Hata sijui kama bado niwaite wakwe.

Asubuhi tumetoka Masama kwa gari la kukodi, wazee wa kwetu na mimi, na ndoo za mbege, pombe yetu ya ndizi, nyuma. Tunakwenda Mwika kumposa Filomena. Nina miaka arobaini na kitu. (Niliosoma nao sekondari sasa wanaozesha watoto.) Msemaji wetu ni baba mdogo Thadei, na njia nzima amenipa somo moja tu.

"Wewe kule ni mtungi. Mtungi hausemi."

"Nimeelewa, baba."

Tukapokelewa vizuri. Tukaamkia wazee, tukakaa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kihamba, shamba la hapo nyumbani, migomba inaonekana nusunusu, kama watu waliosimama dirishani wanasikiliza. (Hali ya hewa ya namna hii si nzuri kwangu. Huwa nasafiri nikiwa nimekaa.)

Mwenye neno pale ni Mzee Valeriani, baba mkubwa wa Filomena. Akapewa kata ya kwanza ya mbege yetu. Akionja tu, posa imepokelewa, yanayobaki ni kupanga siku. Akaishika. Hakuonja.

"Thadei," akasema, "huyu kijana wenu tumesikia alikuwa China. Sasa amerudi, au anapita?"

(Nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo la kijana.)

"Amerudi, mzee wangu. Amerudi kabisa."

"Aika, asante. Na huko alikuwa mji gani?"

Lilikuwa swali la heshima tu, la kusindikizia kinywaji. Kata ilikuwa imeshafika kidevuni. Baba mdogo alikuwa anafungua mdomo kusema hakumbuki.

"Foshan," mtungi ukasema.

Ningeishia hapo, saa hizi ningekuwa mchumba wa mtu. Lakini jina hilo mimi nikishalitaja siwezi kuliacha peke yake. Nikaanza na safari: basi toka Bomang'ombe hadi Dar, ndege, uwanja ambao watu wake hawalali, ndege tena, halafu treni inayopita chini ya ardhi. Nikawaeleza nilivyopanda ngazi nikatokea juu, na kitu cha kwanza kunipokea kikawa harufu ya udongo unaochomwa.

Nilikwenda kukagua vigae na kuvipakia kwenye makontena ya wafanyabiashara wa huku. Viwanda vya kule vinatoa vigae kutwa nzima, vinang'aa kama maji yaliyotulia. Lakini katikati ya viwanda kuna kilima, na kwenye kilima kuna tanuri refu la vyungu, limelala kwenye mteremko kama nyoka anayeota jua. Lina karne na karne, na moto wake bado unapanda toka mkiani hadi kichwani. Vitukuu wa wafinyanzi wa tanuri hilo ndio leo wanabonyeza mashine za vigae. Nikawasimulia vichochoro vya matofali ya kijivu, na watu wadogo wa udongo waliokaa juu ya mapaa, wakitazama maghorofa ya vioo yanavyoota kuwazunguka.

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikausogeza mguu.

Nikasema jinsi nilivyokwenda bandarini na mzigo, na niliporudi nikakuta mtaa niliopanga umebomolewa, barabara mpya imepita, pana kama uwanja wa mpira. Nikasimama pembeni nikiutafuta mlango wangu hewani. Nikamalizia na siku niliyoondoka moja kwa moja. Ukungu ulikuwa kama huu huu. Mama muuza uji wa mchele alinijazia bakuli mara ya pili bila kuniuliza. Nikapanda treni, nikabaki nimegeuza shingo mpaka ilipozama ardhini, nikalia kama mtoto.

Nikawatazama. Nikajua nimewagusa.

Shangazi yake Filomena alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza taratibu, "Na siku ulipoondoka Masama kwenda huko, baba, ulilia?"

Mtu mwenye akili angedanganya.

"Hapana, shangazi. Nilisinzia kwenye basi."

"Ulisinzia mmefika wapi?"

"Tulikuwa bado hatujafika Moshi."

Jikoni sufuria ikaanguka, halafu vicheko.

Mzee Valeriani akaitazama kata yake. Povu lilikuwa limeshalala. Akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea mikononi kwa upole kabisa.

"Kunywa wewe, mwanangu. Naona ndiyo kwanza unafika."

Nikanywa. (Ningefanyaje?) Nimekwenda kuposa nikanywa mbege ya posa mwenyewe, mbele ya koo mbili, na wazee wa pale wakanitazama mpaka nikaimaliza.

Filomena alitusindikiza hadi kwenye gari. Akanivuta pembeni.

"Tangu tujuane hujawahi kunisifia mimi hivyo."

"Nilipitiwa."

"Niliona. Baba mkubwa anasema mrudi kahawa ikishachumwa. Kama bado utakuwepo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kujua huyo mama wa uji alikuwa mzuri?"

"Alikuwa bibi, Filomena. Ana wajukuu."

"Haya." Akacheka kidogo, akageuza uso nisimwone. Hicho tu ndicho nilichorudi nacho Masama. Baba mdogo hajanisemesha mpaka sasa naandika.

Nawaomba msinicheke. Ila mkiniona barabarani na begi kabla kahawa haijachumwa, hata nikisema naenda Bomang'ombe kununua sabuni, nirudisheni nyumbani.