Darasa la Mahaba Kwenye Ghala la Pamba

Jirani yetu Benedikta anaapa kwamba yule mwalimu wa mahaba alitoka Bariadi amevaa gunia, analia kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Benedikta huyu ndiye aliyewahi kusema kiboko kutoka ziwani Nassa alikuja kunywa pombe kilabuni kwake, kwa hiyo tumwamini nusu. Gunia sikuliona. Ila kulia alilia, na aliyemliza alikuwa ameshika birika.

Ilikuwa miaka ile ya ruhusa, kila mtu auze alichonacho. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, mitumba ikaja, na magazeti ya mapenzi nayo yakaja. Selestini alishuka stendi na begi la suruali zisizouzika, akakuta watu kumi na mmoja wamepanga foleni kwa fundi cherehani. Hawakuja kushona. Walingoja zamu ya kusoma ukurasa mmoja uliochanika wa hadithi ya kitandani. Mwisho wa hadithi hiyo ulikuwa umeshafungiwa karanga.

Selestini akakuna kidevu. Mtu anayepanga foleni kusoma nusu ya busu, akawaza, busu zima si atalitolea jogoo?

Kesho yake bango likatundikwa kwenye ghala la pamba lililobaki tupu: JIFUNZE KUANDIKA HADITHI ZA MAHABA. WATU WAZIMA TU. Ada, jogoo mmoja au debe la choroko. Hadithi bora ingechapwa gazetini Dar es Salaam, na jina la mwandishi juu.

Selestini mwenyewe hakuwahi kuandika hata barua ya posa. Lakini Dar alimjua mhariri mmoja anayenunua hadithi bila kuuliza zimetoka wapi. Wanafunzi wangeandika, yeye angeuza. Yaani alipewa kuku, kisha akapewa na mayai.

"Sikilizeni," alisema siku ya kwanza, tai shingoni, jasho mgongoni. "Anayeanza hukosea hapa: anakimbilia kitanda. Kitanda kina miguu lakini hakikimbii! Kwanza harufu ya mafuta ya nywele. Kwanza khanga inayochelewa kufungwa. Na taa, jamani, msiizime mapema, msomaji atasoma nini gizani? Halafu wekeni undani. Undani ndio chumvi. Andikeni mnachokijua."

Maige, dalali wa mnada wa ng'ombe, akasimama kusoma kazi yake. "Alikuwa mnene, miguu imesimama sawasawa, meno yote yapo, hana kovu, mgongo umenyooka..."

"Maige! Huyo ni mwanamke au mtamba?"

"Mwalimu, si ulisema tuandike tunachokijua?"

Nyamizi hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, elimu yake darasa la saba, akiuza chai mlangoni mwa ghala. Ada alilipa kwa jogoo wake pekee, yule aliyekuwa akimwamsha kuchemsha maji. Tangu hapo alijiamsha mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: aone jina lake limechapwa, hata kama gazeti lenyewe litaishia kufungia karanga.

Hadithi yake ilisimuliwa na mwanamume anayebisha hodi alfajiri kwa mwanamke anayempenda. Kurasa mbili nzima alikuwa anafungua kamba ya kiatu. Selestini aliisoma akatoka jasho, akanywa vikombe viwili bila kulipa.

"Hii inakwenda Dar," akasema.

"Na jina langu?"

"La muuza chai wa darasa la saba? Watu watacheka! Itakwenda kwa jina langu. Na siku ya mahafali nitaisoma mimi, kama yangu. Nakustiri, wewe mwanamke."

Nyamizi alimtazama kama anayengoja maji yachemke.

"Sawa, mwalimu. Basi nipe niongeze ukurasa mmoja. Wa undani."

"Ongeza, ongeza."

Jioni hiyo Nyamizi alikwenda kwa shoga yake Sayi, mke mdogo wa Mzee Ngeleja, kamanda wa sungusungu, wale walinzi wetu wa pinde na filimbi. Walicheka mpaka kuku wakashtuka. "Weka na mchi," alisema Sayi. "Usiusahau mchi."

Siku ya mahafali ghala lilifurika. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Ngeleja. Selestini alisoma kwa sauti ya asali, na ilipofika kamba ya kiatu akina mama wakaacha kujipepea.

"Mwalimu," akaita Maige, "umetunga, au yalikutokea?"

Hapo mtu mwenye akili angekohoa. Selestini aliona macho ya akina mama.

"Nitunge nini? Kila neno limenitokea mwenyewe, hapahapa Bariadi, mwezi huu. Naapa mbele ya mgeni rasmi!"

Akafungua ukurasa wa mwisho, ambao hakuwahi kuusoma. "Kitanda mguu mmoja ulikuwa umevunjika, kikaegemezwa mchi. Pembeni alilala ndama mwenye baka jeupe jichoni. Ukutani ilining'inia filimbi ya kamanda..."

Sauti ya asali ikakauka. Mji mzima ulijua ni kitanda kipi kinachosimama kwa mchi, maana Ngeleja alikuwa mwaka wa pili anamkwepa seremala.

"Mwadila, mwalimu," alisalimia Ngeleja taratibu.

"Mwadila, mzee. Ni hadithi tu—"

"Umeapa. Mke wangu namjua, hana neno. Lakini mtu akitamka mwenyewe kwamba kaingia chumbani mwangu, faini ya ugoni ni ng'ombe sita. Hiyo sikuitunga mimi."

Sayi alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Vijana wenye pinde walishasimama mlangoni. Maige, kwa uzoefu wa mnadani, akaanza kuthamini: "Majogoo wote, choroko yote, na tai... hapo tumepata ndama mmoja, tena miguu ya mbele tu."

Daftari likamponyoka Selestini. "Sikuandika mimi! Kaandika huyo, muuza chai!"

"Wa darasa la saba?" akauliza Maige. Watu wakacheka, kama Selestini alivyotabiri.

Akapiga magoti mbele ya meza ya chai, machozi yanamtoka. "Nyamizi, mayu, mama yangu, dada yangu. Mwandishi ni wewe. Waambie. Taja jina lako tu, nakuomba."

Nyamizi alimimina kikombe cha Ngeleja, kisha cha Maige, akaonja kama sukari imekolea. Daftari alikuwa ameshaliokota. Lilikuwa mezani, karibu na birika. Akalisogeza kidogo, lisilowe.