Vanila ya Kuazima

Jumatatu, 2 Juni

Ukaguzi ni Ijumaa! Bwana Wilibrodus, mkufunzi wetu, ametangaza leo mbele ya maafisa ugani wote, tena anatabasamu. Kila mmoja wetu ana shamba darasa la vanila, la kilimo hai, bila chembe ya mbolea ya dukani. Mwenye shamba bora atabaki hapa milimani kama mshauri mkuu. Mwenye shamba bovu kuliko yote atahamishiwa pwani ya kaskazini, kwenye jua na mbu, akafundishe watu kupanda mlonge.

Nikaenda kutazama langu. Maganda ya kuhesabika. Si kosa langu! Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na usipolichavusha kwa mkono mapema, limekwenda. Msimu ule kulikuwa na baridi. Nililala. Kazi niliwaachia nyuki. Tulifundishwa kwamba nyuki wa huku hawaiwezi vanila, lakini nilidhani wangejaribu.

Mke wangu Marselina ameshasema pwani haendi. Kule, anasema, mtu hafumi nguo, anafuma jasho. Kwa hiyo niende peke yangu? Bila Marselina sijui hata chumvi inakaa wapi. Na nyumba isiyo na mlio wa kitanda chake cha kufumia sitaiweza. Nasema kweli.

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza na Mama Kresensia. Afisa mwenzangu, mjane, huamka kabla ya kuku. Vanila yake imezaa hadi inachukiza. Nikamvuta Bwana Wilibrodus pembeni, nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba uzazi ule si wa bure, huenda kuna kamfuko ka dukani kamefichwa mahali. Nilisema inaniuma kusema.

Akaenda mbio. Akazamisha mkono kwenye udongo wa Kresensia, ukatoka umejaa minyoo. Machozi yakamtoka, nikadhani amekasirika. Kumbe machozi yale ni ya furaha! Akaita darasa zima lije lione mboji ya mfano. Kisha akatangaza kwamba aliyemwelekeza huko ni mimi, mtu asiye na wivu. Nikapigiwa makofi. Nikapewa na kikapu cha samadi nimbebee Kresensia mpaka juu kilimani.

Kresensia alinishukuru njia nzima. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Jumatano, 4 Juni

Akili imefunguka. Maganda ninayoyakosa mimi yamejaa tele kwa Rofinus, kaka yake Marselina, kijiji cha pili. Sitaiba. Nitaazima. Ijumaa jioni nitayarudisha, ingawa sijajua nitayarudishaje kwenye mti.

Nilifika kwake asubuhi. Akaniuliza, "Shemeji, leo umeamka mapema. Nani amekufa?"

Nikamwambia nimekumbuka ukoo. Akafurahi mno, akaenda kuniletea kibuyu cha tembo kwa jirani. Mtu mwema sana. Alipopotelea mgombani tu, nikaingia shambani, nikakata, nikakata, nikafungia kwenye shuka langu. Yale maganda yana vidoa vidoa vimejipanga. Wadudu, bila shaka. Ukaguzi ukipita nitamshauri apulizie mwarobaini.

Alhamisi, 5 Juni

Siku nzima nafunga maganda kwenye vanila yangu kwa uzi wa kijani wa Marselina. Aliuliza uzi wake uko wapi. Nikamwambia panya. Akauliza panya gani huchagua rangi. Sikuwa na nafasi ya mabishano.

Shamba limependeza! Nimelizunguka mara kadhaa kwa ajili ya kulitazama tu. Pwani atakwenda mwingine.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui niandike nini.

Bwana Wilibrodus alitwambia tangu mwanzo, inaonekana, kwamba wanaotoa alama ni wakulima wa vijiji vya jirani. Siku hiyo sikuwa nimelala, nilikuwa nimefumba macho. Wakaja na kofia zao, na katikati yao Rofinus.

Nikamsalimu kwa sauti ya juu. Yeye akanyanyua ganda moja, akaligeuza, likabaki mkononi pamoja na uzi. Bwana Wilibrodus akaniuliza vidoa vile ni nini. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi ni mtaalamu! Nikaeleza kirefu habari za mdudu mtoboaji, jinsi anavyopenda unyevu, na jinsi ninavyopambana naye bila sumu. Wakulima walinisikiliza kwa heshima kubwa. Mmoja alishika tumbo.

Rofinus akasema taratibu, "Shemeji, mdudu huyo ni mimi."

Kumbe hapa kila mkulima huyachoma maganda yake kwa pini yakiwa machanga, kila mtu na alama yake, na alama hukua nayo. Nukta tatu na msalaba ni za Rofinus. Mlima mzima unazijua. Sisi wenye maganda machache hatujawahi kuwa na shida ya kuyawekea alama.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Rofinus hakucheka.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa tulikwenda kwake kuomba radhi, na jogoo na kibuyu cha tembo, kama desturi inavyotaka. Kwa wakwe zako, ndio waliokupa mke, hata jani la ndimu huchukui bila kuomba. Mimi nilibeba shuka zima. Nilipiga goti, nikasema yote. Rofinus alimpokea jogoo, akasema yamekwisha, ila angeombwa angenipa.

Marselina hakunitazama njia nzima ya kurudi. Iliniuma kuliko kicheko cha Ijumaa.

Jumatatu, 9 Juni

Kresensia mshauri mkuu. Mimi pwani.

Nilimwomba Marselina twende wote. Alikuwa anafuma, akasimamisha mkono. Akasema, "Nitakuja. Siku utakayojua kuamka mwenyewe, hiyo hiyo nafunga mizigo."

Akanipa jogoo kutoka bandani mwake, mwekundu, mwenye koo la kengele. Nikalia kidogo. Nitabadilika! Naapa.

Jumatano, 25 Juni

Pwani. Joto. Miche ya mlonge ya shamba darasa inatakiwa imwagiliwe kabla jua halijatoka, la sivyo inababuka. Nusu imebabuka. Kresensia alishuka kutoka milimani kukagua, akasema kwa upole kwamba nusu bado hai. Upole wake utaniua.

Jogoo alikuwa anawika saa kumi alfajiri. Saa kumi! Nilivumilia mpaka Jumapili, nikamla kwa pilipili na ndimu. Nyama yake ngumu kidogo, ila mchuzi haukuwa mbaya.

Jioni Marselina alipiga simu. Nikamwambia naamka kila siku na jogoo. Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya zamani. Akasema kuanzia kesho atapiga alfajiri, amsikie jogoo akiwika nami nikimwagilia, na akisikia hivyo wiki nzima anakuja. Nilifurahi hadi nikaruka.

Nimefanya mazoezi ya kuwika jioni yote. Jirani anasema bado nasikika kama bata, lakini kwa simu itapita. Limebaki jambo moja tu dogo: sijui nani ataniamsha nikawike.